Tabora ya shule kongwe: izunguke kwa miguu kabla ya kwenda Kwihara

Mgeni akifika Tabora, haipiti nusu siku kabla hajaulizwa kama ameshakwenda Kwihara kwa Livingstone. Tembe alilokaa, ile nyumba ya paa bapa, lipo na lina mambo yake. Ila Livingstone alikaa pale miezi michache tu ya mwaka 1872, akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani, kisha akaenda zake. Shule za Tabora zina takriban karne nzima zikipokea watoto kutoka kila pembe ya nchi na kuwarudisha wakiwa mawaziri, maaskofu, majaji na walimu wa walimu. Mwenye siku moja mjini aitoe asubuhi yake kwa shule, na Kwihara aiachie alasiri.

Shule hizo haziko kwenye mtaa mmoja wenye kibao. Ni eneo la shule na vyuo vilivyotawanyika kati ya stesheni, Boma, ofisi za serikali na nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli: Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo iliyokuwa St. Mary's, na vyuo kadhaa vilivyokuja baadaye. Yote yanatembeleka kwa miguu kwa sababu mji ni tambarare na barabara zake kuu zina miembe mikubwa pembeni.

Anza na barua. Ndiyo inayowaangusha wengi. Hizi ni shule za bweni zenye watoto ndani, na mlinzi wa getini hana mamlaka ya kukuruhusu hata kama ana moyo mzuri. Andika barua fupi kwa Mkuu wa Shule, ukurasa mmoja: jina lako na namba ya simu, mko wangapi, mnakuja siku gani na saa ngapi, mnataka kuona nini, na kama mtapiga picha mtapiga za nini. Chapa nakala mbili, upeleke siku moja au mbili kabla. Moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa nawe unatembea nayo. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayokuokoa siku ya ziara, pale mkuu atakapokuwa ameitwa mkoani na aliyekaimu hana habari zako. Kama lengo lako ni utafiti, yaani kuhoji watu au kufungua kumbukumbu za shule, hiyo ni njia nyingine kabisa. Utapitia ofisi za mkoa na halmashauri, na usitegemee kuimaliza kwa wiki moja.

Tarehe nazo zina hila. Mwezi Mei kidato cha sita wako kwenye mtihani wa taifa, Novemba ni zamu ya kidato cha nne. Miezi hiyo miwili usisumbue mtu. Juni na Desemba shule zinafunga: utapata utulivu wa kutazama majengo, ila mwenye funguo anaweza kuwa kijijini kwao. Jumamosi asubuhi ni usafi, fagio na ndoo kila mahali, na Jumapili ni ibada. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, saa za masomo, wakati wanafunzi wako darasani na viwanja viko wazi.

Kwa hali ya hewa, Juni hadi Agosti ndiyo raha: hakuna mvua, asubuhi ni baridi kiasi cha kutaka sweta. Septemba na Oktoba jua ni kali, vumbi jingi na kivuli kinagombewa. Mvua huanza kama Novemba na kwenda hadi Aprili. Hapo njia za kichanga zinatembeleka, lakini mitaro hufurika na pembeni mwa barabara kunakuwa na utelezi. Embe nazo ndipo zinapoiva, kwa hiyo kila mwezi una malipo yake. Vaa kiatu cha kufunika. Ndala zinajaa mchanga kila hatua kumi, na kwenye viwanja vikavu kuna mbigili. Lita moja na nusu ya maji kwa mtu inatosha hadi saa sita.

Sasa hesabu ya mwendo. Mtu mzima kwenye ardhi tambarare anakwenda kilomita nne hadi tano kwa saa. Anayesimama kusoma vibao, kuamkia watu na kupiga picha hafiki hata nusu ya hapo. Ukikadiria kilomita mbili kwa saa hutakosea. Wanaopanga vituo vinane kabla ya chakula cha mchana huishia kuviona vinne na kuvikimbia vingine kwa bodaboda. Anza saa moja asubuhi, saa tano uwe umeshamaliza sehemu zisizo na kivuli.

Anzia stesheni, hata kama hukuja kwa treni. Bila reli, shule hizi zisingekuwa hapa. Kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara: ya Bagamoyo kwenda Ujiji, na ile iliyokata kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Tazama ramani kwa macho ya mwenye serikali anayetaka shule moja ya kukusanya watoto wa watemi kutoka Tanganyika nzima: mtoto wa Bukoba au Musoma anavuka ziwa hadi Mwanza na kupanda treni, wa Ujiji anatokea magharibi, wa Dodoma anatokea mashariki. Wote wanashukia stesheni hii.

Kuna jambo jingine la stesheni ambalo hata wenyeji wengi hawalitaji. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao, walitengeneza sarafu papa hapa Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Zilikuwapo za shaba, na moja ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja na mlima nyuma yake. Leo ni miongoni mwa sarafu zinazowindwa sana na wakusanyaji duniani. Mtu akikuuzia mtaani kwa bei ya chee, hiyo ni bandia. Mji wenyewe ulianguka kwa jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Ishike tarehe hiyo, utaihitaji mbele.

Picha za stesheni: muone mkuu wa stesheni kwanza. Usianze kupiga ndipo uulize. Miundombinu ya reli inalindwa, na kwa kuwa reli ya kisasa, SGR, inajengwa, walinzi wako macho zaidi.

Kutoka stesheni hadi katikati ya mji ni kama kilomita moja na nusu. Njiani utakutana na hoteli ya Orion, jengo la enzi za Mjerumani lililokuja kuwa hoteli ya reli. Ingia unywe chai hata kama hulali hapo. Kaa barazani uangalie lilivyojengwa, maana macho yako yanatakiwa yazoee majengo ya namna hiyo kabla hujafika shuleni.

Boma liko mikononi mwa jeshi. Lipite kwa heshima, simu iwe mfukoni, usisimame getini kuonyesha kidole. La kukumbuka unapopita ni kwamba utawala wa Mjerumani haukuingia hapa kwa salamu. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao kwa miaka, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, alijilipua kwa baruti badala ya kukamatwa. Waingereza walipokuja baadaye kutafuta watoto wa watemi wa kuwasomesha, walikuwa wanazungumza na koo zilizokuwa na kumbukumbu za namna hiyo, na hazikuwa za zamani.

Tabora Boys sasa. Bodaboda yeyote anaijua, huhitaji ramani. Ilianzishwa miaka ya 1920 na serikali ya Kiingereza, mwanzoni ikilenga watoto wa machifu, baadaye ikapokea wenye vichwa kutoka kokote. Leo ni moja ya shule za serikali za vipaji maalumu. Ripoti getini, saini kitabu cha wageni, subiri mwalimu wa kukuongoza. Usijitembeze peke yako hata ukiambiwa "zunguka tu". Mwalimu ndiye anayejua bweni lipi lina historia gani, na mbele yake wanafunzi watakuamkia na kuendelea na yao badala ya kukuzonga.

Kambarage Nyerere aliingia hapa mwaka 1937 akitokea shule ya Mwisenge, Musoma, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akamaliza mwaka 1942. Ukiwa na mwalimu, omba kuonyeshwa sehemu zinazohusishwa naye. Kuna kisa kimoja kinachofaa kukumbukwa ukiwa kwenye bwalo la chakula: viranja walikuwa na haki ya mgao mkubwa wa chakula kuliko wenzao, na Nyerere, akiwa kiranja, aliipinga haki hiyo. Ukishaona bwalo la shule ya bweni na foleni yake, utaelewa kwamba kiranja wa kupinga sahani ya pili lazima awe mtu wa namna yake.

Baada ya hapo achana na majina ya watu, tazama kuta. Hapa ndipo matembezi mengi yanapokosa utamu, kwa sababu mgeni anapiga picha ya kibao na kugeuka.

Simama karibu na ukuta wa matofali ya kuchoma usio na lipu na uangalie kozi zake, yaani safu za matofali. Ukiona kozi moja matofali yamelazwa kwa urefu, na inayofuata yanaonyesha vichwa, basi unene wa ukuta ni angalau urefu wa tofali zima, kama inchi tisa. Ukiona kozi zote zimelazwa kwa urefu tu, ukuta ni wa nusu tofali, mwembamba, na mara nyingi ni wa karibuni. Hakikisha kwenye dirisha: pima kwa shibiri kina cha ukuta kuanzia nje hadi kwenye fremu. Kisha inua macho juu ya dirisha hilo hilo. Tao la matofali ni kazi ya fundi aliyebeba uzito bila nondo. Linta ya zege ni ya baadaye, au dirisha la zamani lilipanuliwa. Mara nyingi jengo moja lina yote mawili, na hapo umeshajua upande upi ulitangulia.

Kilicho kati ya matofali nacho kinasema. Chokaa ya zamani ni nyeupe inayoelekea rangi ya maziwa, laini, na ukigusa inaacha unga kidoleni. Saruji ni ya kijivu na ngumu. Kwenye majengo mengi makongwe, si Tabora peke yake, utaona viraka vya saruji juu ya chokaa, na kando ya kiraka matofali yanamenyuka kama keki kavu. Sababu yake ni rahisi. Unyevu hupanda kutoka ardhini na zamani ulitokea kwenye chokaa, ambayo inapitisha. Ukiziba kwa saruji, maji yanatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni tofali lenyewe. Yanapokauka yanaacha chumvi ndani ya tofali, chumvi inajaa na kupasua uso wake. Kwa hiyo mkarabati aliyedhani ameimarisha ukuta ndiye aliyeanza kuubomoa. Weka macho kwenye futi tatu za chini ya ukuta, hasa pale ambapo bati halina mfereji na maji ya paa yanadondokea mguuni mwa jengo. Usikwangue kitu kwa msumari au kisu ili kujaribu, hata kidogo. Kidole kinatosha.

Adui wa pili ni mchwa. Tafuta vijia vya udongo vyembamba vinavyopanda kutoka msingini kwenda kwenye fremu na kenchi. Kimoja tu kikiwa kibichi, mwambie mwalimu anayekuongoza, atashukuru. Mabati nayo: geji ikiwa na namba ndogo bati ni nene zaidi. Paa la zamani lenye bati nene linaweza kuwa limeshika kutu na bado limenyooka, wakati jipya la geji 30 linabonyea kwa kurushiwa embe.

Mpangilio wa majengo pia ni somo. Darasa la kikoloni lililopangwa vizuri lina upana wa chumba kimoja tu, madirisha pande zote mbili, na baraza refu upande mmoja, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Toa dira ya simu uangalie urefu wa jengo umeelekea wapi. Likiwa limelala mashariki kwenda magharibi, jua la asubuhi na la jioni linapiga kuta fupi za mwisho, madirisha yanabaki salama. Tabora iko takriban nyuzi tano kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni na Julai linakaa kaskazini, na ukuta wa kaskazini ndio wenye mwanga wa picha. Desemba ni kinyume chake. Wapiga picha wanaolalamika kwamba uso wa jengo ni mweusi kutwa nzima wamekuja mwezi usio wake.

Kuhusu picha za watu: usipige wanafunzi nyuso zao, ni watoto wa watu na wako chini ya dhamana ya shule. Paredi yao inavutia, kila mtu anataka kuirekodi. Omba ruhusa, na ukikataliwa itazame kwa macho. Droni ibaki nyumbani. Inahitaji vibali vya mamlaka ya anga na vya ulinzi, na mji huu una jeshi na uwanja wa ndege.

Kosa moja linarudiwa hata na vijarida vya utalii: kila jengo la zamani Tabora huitwa la Mjerumani. Kumbuka ile tarehe. Mjerumani aliondoka Septemba 1916. Shule iliyofunguliwa miaka ya 1920 haiwezi kuwa imejengwa naye, isipokuwa ilirithi majengo yake, na hilo lithibitishwe kwa jiwe la msingi au kumbukumbu, si kwa unene wa ukuta peke yake. Waingereza nao walijenga kuta nene. Tahadhari pia na mwaka ulioandikwa kwa rangi ukutani, maana unaweza kuwa wa ukarabati au wa mahafali. Mwaka uliochongwa kwenye jiwe au kufinyangwa kwenye lipu ya kipembe cha paa ndio wa kuaminika.

Milambo ni kituo kinachorukwa isivyo haki. Hii ndiyo iliyokuwa St. Mary's, shule ya Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe. Nyerere aliporudi kutoka Makerere alikuja kufundisha hapa kuanzia 1946 hadi 1949, mwenzake kazini akiwa Andrew Tibandebage, na mkuu wa shule Padre Richard Walsh, aliyemsaidia kupata njia ya kwenda kusoma Edinburgh. Serikali nayo ilimtaka Tabora Boys, shule yake mwenyewe aliyotoka, yeye akachagua ya misheni. Ukitembea kutoka moja kwenda nyingine fikiria uamuzi huo, kwa sababu umbali wa kutembea ni mdogo na umbali wa aina nyingine ulikuwa mkubwa: Tabora Boys mwajiri wake angekuwa serikali ya kikoloni. Ni katika miaka hiyo ya ualimu ndipo alipoingia kwenye shughuli za tawi la TAA, chama cha Waafrika kilichotangulia TANU, mjini, usiku na mwisho wa wiki. Linganisha pia majengo. Misheni walijenga kwa mafundi wao na kwa kanisa akilini, serikali ilijenga kwa michoro ya idara. Barua yako iandike "Milambo" kama kibao kinavyosema, ingawa mtemi mwenye jina hilo, aliyekufa 1884, vitabuni ni Mirambo.

Nyerere alirudi Tabora Januari 1958 kwa jambo lililobadili mwendo wa uhuru. TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliuona ni dharau. Mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi huo ukapewa jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama cha ANC cha Tanganyika. Wazee wa mjini wanalizungumza hilo kwa raha kuliko habari za Livingstone. Ukimpata mwenye kumbukumbu, acha kamera, kaa chini.

Namna ya kumuuliza mzee inahitaji utaratibu. Salamu kwanza, na ukiweza kwa Kinyamwezi, "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana, mlango unafunguka mapema. Usimuulize mwaka. Miaka inachanganyika kwa kila mtu. Muulize vitu: kabla ya jengo hili palikuwa na nini, maji mlikuwa mnachota wapi, treni ilikuwa inafika saa ngapi, nani alikuwa mpishi. Majibu ya maswali hayo unaweza kuyapima kwenye ardhi papo hapo, kwa kuwa kisima cha zamani kitaacha duara, na jiko litaacha masizi.

Tabora Girls nitaipita kwa haraka, si kwa kuidharau. Nayo ni kongwe na ni ya vipaji maalumu, lakini kwa mgeni mwanamume ni busara aje na mwanamke kwenye msafara, aishie kwenye jengo la utawala na viwanja, na asiombe kuona mabweni. Barua ya kule iandikwe peke yake. Ya Boys haivuki geti lile.

Jihadhari na neno moja kwa bodaboda: "nipeleke chuo". Tabora ina Chuo cha Ualimu, ina Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho wengi bado wanakiita Uhazili, kwa kuwa ndiko makatibu muhtasi wa nchi hii walikojifunzia hati mkato na kupiga chapa. Ina Chuo cha Reli, ina Chuo cha Ufugaji Nyuki, na ina AMUCTA, chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), kilichopewa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo. Taja jina zima na mkubaliane nauli kabla hujapanda. Kati ya hivyo, cha nyuki ndicho chenye kitu usichokiona pengine, kwa sababu asali ya miombo ya Unyamwezi ni biashara ya karne nyingi, na pale utaona mzinga wa gogo na mzinga wa kisasa kando kwa kando. Nao wanataka barua. Asali unayouziwa barabarani kwenye chupa za maji, igeuze kichwa chini: kiputo cha hewa kikipanda kwa kasi, asali ni nyepesi, ama imevunwa mbichi ama imeongezwa maji, na itachacha kabla hujafika nayo Dar.

Njaa itakushika kama saa tano. Mama lishe wanaozunguka ofisi na stesheni watakuwa na chai na vitafunwa, ila tafuta michembe au matobolwa na karanga. Vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa: michembe hukatwa na kuanikwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Kwa kutembea matobolwa ni bora, unatafuna ukienda bila kupika. Lakini yanakausha mdomo, maji yawe karibu.

Alasiri ndiyo ya Kwihara, kama kilomita sita hivi kutoka mjini. Panda daladala za Kipalapala, mwambie konda akushushe njia panda ya kwenda kwa Livingstone. Kutoka hapo ni kama kilomita mbili kwa miguu, njia wazi, jua usoni ukichelewa. Ukichukua bodaboda, patana kwenda, kusubiri na kurudi kwa bei moja, na malipo yote yawe mwisho, la sivyo utarudi kwa miguu. Lipa kiingilio udai stakabadhi. Stanley na Livingstone walifika hapo pamoja wakitokea Ujiji Februari 1872, Stanley akaondoka Machi 14, Livingstone akabaki hadi Agosti 25. Baada ya kuta za Boys utaona tofauti mara moja: tembe lina paa bapa, kuta nene, ua katikati na mlango wa mbao wa kuchongwa, nyumba ya mfanyabiashara anayefungia mali ndani. Darasa la Kiingereza linataka upepo upite. Tembe linataka joto na mwizi vibaki nje.

Ukibaki na saa moja ya mwanga, endelea hadi Kipalapala badala ya kugeuza mjini. Seminari Kuu iko hapo tangu 1925, na jina la Kipalapala linajulikana pia kwa wasomaji wa zamani kwa sababu ya kiwanda cha uchapaji cha misheni: vitabu vingi vya Kiswahili vilivyosomwa Tanganyika vina herufi TMP, yaani Tanganyika Mission Press, na neno Tabora kwenye ukurasa wa mbele. Nako ripoti mapokezi kwanza. Uliza daladala ya mwisho kurudi mjini ni saa ngapi ukiwa bado unashuka, kwa konda yule yule, na ukubali jibu lake kwa kupunguza nusu saa.

Picha zako zipe majina usiku huo huo, kwa shule, jengo na upande wa dira. Kesho yake kuta zote za matofali zitafanana. Kisha choma nakala kwenye flashi na uirudishe kwa shule zilizokupokea, kwa jina la Mkuu wa Shule, pamoja na ile barua yenye muhuri ikieleza zilipigwa lini. Fundi atakayekuja kupaka lipu miaka kumi ijayo atahitaji kujua ukuta ulikuwaje.